Ulikuwa Ukienda Wapi?

Kwa kustaafu kwangu mlinipa keki, kadi mliyoisaini wote, na saa ya ukutani. Keki tumeila, na kadi nimeisoma mara mbili. Saa sijui niitundike wapi, maana sasa sina tena pa kuchelewa. Nashukuru hata hivyo. Mliniomba pia niwaandikie maneno machache kuhusu kesi za leseni, kwa kuwa mnazirithi pamoja na kabati langu la faili na ule mwavuli uliovunjika ubavu. Nitaandika, ingawa sidhani yatawatia moyo. Anayetaka kutiwa moyo aangalie kalenda ya sikukuu za umma.

Mimi ni mtoto wa mjini Kisii. Baba yangu aliuza vitambaa, na babu yake aliletwa huku na biashara akasahau kurudi alikotoka. Nyumbani tulisema Kiswahili. Kikisii nilikipata nyuma ya kaunta, nikiwapimia akina mama vitambaa na kubishana nao bei, na kimenifaa kortini kuliko nusu ya mambo niliyofundishwa chuoni. Wateja wengi hawakuniita kwa jina. Walisema wanamtafuta wakili yule mtoto wa Mwislamu wa vitambaa, na mabawabu wote wa mji walijua wawaelekeze ngazi gani.

Kazi nilijifunza kwa Wakili Ombati, mzee mfupi mwenye hasira fupi zaidi, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la misumari na mabati. Siku yangu ya kwanza aliketishwa mbele yangu mwalimu aliyekamatwa akiendesha gari akiwa amelewa. Nilikuwa na kalamu mpya na hamu ya kuitumia, nikamwuliza, "Ulikunywa chupa ngapi?"

Ombati alikuwa meza ya pili akijifanya kusoma gazeti. Alilikunja. "Wewe msichana, umeajiriwa na polisi?" aliniuliza mbele ya mteja. "Hilo ni swali lao, na jibu wanalo tayari. Wewe muulize alikuwa akienda wapi."

Nilidhani ni ukali wa uzee tu. Baadaye nikaelewa, na ninyi eleweni sasa ili msipoteze miaka. Mtu akipatikana na hatia ya kuendesha gari akiwa amelewa, leseni yake hufungiwa mwaka mzima, labda na zaidi. Hakimu anaweza kuiacha ikiwa tu kuna sababu maalum. Wateja wote wanadhani sababu maalum ni watoto, karo, mama mgonjwa na kazi itakayopotea. Wataleta picha za watoto. Mmoja aliniletea watoto wenyewe, wamevaa sare za shule, siku ya Jumamosi. Lakini mahakama haitazami mtu ataumia vipi akifungiwa. Inatazama safari yenyewe: ni kitu gani kilimlazimu mtu huyu kushika usukani saa ile, katika hali ile, asiwe na njia nyingine? Ndiyo maana swali la kwanza ni ulikuwa ukienda wapi.

Majibu mengi ni ya kukatisha tamaa. Nilikuwa naenda nyumbani. Nilikuwa naenda kuongeza moja. Nilikuwa nampeleka rafiki ambaye yeye ndiye aliyelewa. Kilipokuja kile kidude cha kupuliza, watu wanachokiita alkoblo, majibu yakageuka kuwa ya kitabibu. Walikuwa wamekunywa dawa ya kikohozi. Walikuwa wamekula keki ya harusi. Fundi mmoja wa Nyacheki alitafuna vitunguu vibichi viwili kabla ya kupuliza, kwa ushauri wa shemeji yake, na kidude kikasoma kama kawaida huku askari akitokwa na machozi. Niliwatetea wote hao kwa uso mkavu na wote walifungiwa.

Niliwahi kushinda pia, msije mkasema nilikula mshahara wa bure. Fundi wa mitambo wa kiwanda cha majani chai aliitwa siku yake ya mapumziko kwa sababu boila ilikuwa inataka kupasuka na watu wako ndani. Alikuwa amekunywa, akaenda, akakamatwa mbele ya geti. Meneja alikuja kuapa, na hakimu akamwachia leseni. Ombati alikuwa bado hai. Aliniambia tu nikae vizuri, nisije nikazoea.

Sikuzoea. Halafu akaja Mzee Makori.

Alikuja kwangu Jumanne, akiwa amefuatana na mama yake mzazi, Nyaboke, bibi kizee mwenye sweta ya rangi ya chungwa na sauti ya mwalimu wa zamu. Makori mwenyewe alikuwa amekaribia kustaafu. Alikuwa dereva wa lori la majani chai, anayezunguka vituo vya kununulia majani kutoka Gesima hadi upande wa Nyaramba, na wakulima walimpenda kwa sababu hakuwa na tabia ya kupita kituo eti barabara ni mbaya. Mvua ikinyesha na lori kukwama, alikuwa akivua viatu na kusukuma na wengine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kofia yake aliishika kwa mikono miwili muda wote.

Jumapili jioni alikuwa amekamatwa Nyamira akiwa na gari la jirani, Probox, mita chache kutoka lango la hospitali. Alipuliza, kidude kikamkamata vizuri. Jumatatu asubuhi alifikishwa mahakamani, akasomewa shtaka, akajibu, "Ni kweli." Hakimu alikuwa mgeni, mwanamke kijana kutoka Pwani, na hakuwa na haraka. Aliona dereva wa miaka mingi asiye na kosa hata moja kwenye rekodi, akaahirisha kutoa adhabu ili asikie kama mzee ana la kujitetea. Leseni ilibaki kortini. Kiwanda nacho kilimwambia Makori kwa upole kwamba kinangoja: leseni ikirudi lori ni lake, ikifungiwa kuna kijana mwingine.

Basi hukumu ilikuwa imeshapita, iliyobaki ni adhabu. Na katika adhabu ilibaki leseni, na katika leseni ilibaki sababu maalum. Nilichukua kalamu. "Mzee, ulikuwa ukienda wapi?"

"Nilikuwa natembea tu," alisema.

"Na gari la jirani?"

"Eeh. Natembea nayo."

"Siku ya mvua, umelewa, mpaka hospitali ya Nyamira?"

"Wakili, hiyo maneno wacha tu. Sema nimeomba msamaha. Sema sitarudia."

Nilimweleza jinsi sheria ilivyo, kwamba msamaha hautoshi. Alisikiliza kwa adabu, akakubali kwa kichwa kila nukta, na mwishoni akasema tena alikuwa anatembea. Mama yake alimtazama kwa muda, kisha akamwagiza chini akamnunulie soda. Mtu mwenye mwana aliyeoa akatumwa soda, akaenda. Mlango ulipofungwa, Nyaboke alivuta kiti chake karibu na meza yangu, akazungumza Kikisii chake cha haraka.

"Huyu hawezi kukwambia," alisema. "Nitakwambia mimi."

Jumapili ile Makori alikuwa ametoka kwenye mazungumzo ya mahari ya binti wa ndugu yake. Kulikuwa na vinywaji na alikunywa, kwa kuwa funguo za lori alikuwa ameziacha kiwandani Jumamosi. Alirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe alikuwa amekwenda matangani kwao. Bomani alikuwapo Nyaboke, na Kerubo, mke wa Evans. Evans ni mtoto wa kwanza wa Makori, na anafanya kazi ya ujenzi Nairobi. Kerubo alikuwa na mimba ambayo muda wake ulikuwa bado. Jioni akaanza kutoka damu. Nyaboke alipiga kelele. Ambulansi iliyopigiwa simu ilikuwa imekwenda kwingine. Wenye pikipiki walikuja wawili, wakamwona Kerubo anavyotoka damu, wakasema hawawezi kumpakia mtu hali hiyo kwenye utelezi. Jirani mwenye Probox alikuwa na mguu kwenye plasta, akatoa funguo.

"Makori alisimama uani akinyeshewa," Nyaboke alisema. "Mimi niko mlangoni kwa Evans, namwambia njoo, siwezi kumwinua peke yangu. Anatazama chini. Nikamwambia, unataka afe? Basi akaingia. Akambeba mikononi kama mtoto, akamweka garini."

Wale wenzangu mliotoka mbali mtaona hapo hakuna kitu. Mtu amembeba mgonjwa. Lakini kwa Wakisii kuna heshima inayoitwa chinsoni, nayo haikuisha kwa sababu watu wamejenga nyumba za mawe na kununua televisheni. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Yeye na mke wa mwanawe hawashikani hata mkono wa salamu, wala hawatajiani mambo ya mwili. Baba na mwana pia hawaongei mambo hayo. Makori alikuwa ameingia ndani ya nyumba ile, hadi chumbani, na kumbeba mke wa mwanawe akiwa katika hali ambayo hata mumewe hakutakiwa kuitaja mbele ya baba yake. Alifika hospitalini, wauguzi wakampokea Kerubo, na mtoto akazaliwa karibu papo hapo, msichana mdogo kama kiatu. Askari wa lango akamwambia Makori aondoe gari, linaziba njia. Akalitoa nje hadi barabarani ili aligeuze, na huko ndiko polisi walikokuwa.

Nilisema moyoni, Ombati, umesikia? Kama kuna mtu katika kaunti hizi mbili, Kisii na Nyamira, aliyekuwa na sababu maalum, ni huyu aliyekuwa chini akinunua soda.

Nilianza kutafuta njia ya kuisema bila yeye kuisema. Nilimpigia Evans. "Madam, hiyo ni ngumu," alisema. "Mimi siwezi uliza mzee hiyo maneno. Hata sijamwambia asante. Nitaanzia wapi?" Nikaenda Gesima kumwona Kerubo, nikimpelekea sukari na sabuni kama mgeni wa mtoto. Alikuwa binti mpole mwenye macho makubwa. Alinionyesha msichana wake aliyefunikwa blanketi mbili. "Wakili, naweza apa kwa mtu yeyote," alisema. "Lakini si mzee akiwa hapo. Nikisema alinishika, ataangalia wapi? Na mimi nitampikia chakula aje?" Karatasi za hospitali zilionyesha kwamba alilazwa, hazikuonyesha aliletwa na nani. Askari wa lango la siku ile alikuwa ameshahamishwa, na aliyekuwapo aliniambia magari huingia kutwa nzima.

Alibaki Nyaboke. Na hapa desturi ileile iliyotufunga ilikuwa imeacha mlango wazi: bibi na mjukuu hutaniana watakavyo, na mke wa mjukuu vilevile. Hakuna jambo la mwili ambalo Nyaboke hangeweza kulitaja mbele ya Kerubo. Alikuwa ndani ya gari, aliona kila kitu, na haogopi mtu. Nilimweleza Makori kwamba mama yake ataapa. Aliizungusha kofia yake mikononi.

"Aseme tulikuwa na mgonjwa," alisema hatimaye. "Mgonjwa tu. Asiseme ni nani. Asiseme mambo ya nyumba."

Nilimwahidi kwamba swali langu litaishia hapo. Nyaboke naye aliahidi, ingawa alitikisa kichwa.

Siku ya kesi za barabarani ukumbi hujaa, mnajua. Waliokuwa wakingoja kesi za mikanda na za kubeba watu kupita kiasi walibanana kwenye mabenchi, na wengi walikuwa watu wa upande wa Gesima wanaomjua Makori kwa lori lake. Kerubo alikuwa amekuja pia, amekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwita. Nadhani alitaka tu kuwapo.

Nyaboke aliapa, akaongea Kikisii, na mkalimani wa korti akatafsiri. Niliuliza kuhusu gari, mvua, na pikipiki zilizokataa. Nikauliza, "Mlikuwa na nani garini?" Akajibu, "Mgonjwa." Nikaketi.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu, na alifanya kazi yake tu. Simlaumu. "Mama, mgonjwa huyo ni nani?" aliuliza. "Alikuwa anaugua nini? Mbona mshtakiwa hakumtaja kwa polisi, wala hakumtaja hapa alipokubali kosa? Mimi nakuambia mgonjwa huyo hakuwapo. Umemtunga ili umwokoe mwanao."

Nilisimama kupinga, lakini Nyaboke alikuwa ameshaitwa mwongo mbele ya watu, na hilo hakuwa amezoea. Akageuka kuelekea benchi la nyuma na kunyoosha kidole. "Ni yule pale," alisema. "Ni mke wa mjukuu wangu. Alikuwa anatoka damu kitandani kwake. Huyu mwanangu aliingia akamtoa, akambeba na mikono yake hadi garini, na nguo zake zote zikalowa damu. Nilizifua mimi. Mtoto mwenyewe ndiye yule."

Mkalimani naye ni Mkisii na ana wakwe zake. Alitafsiri akitazama meza, na alipofika kwenye kubeba sauti ikapotea. Hakimu akamwomba arudie kwa nguvu, hakusikia vizuri. Akarudia. Kerubo alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Nilimwona hakimu ameshaanza kuandika, na nilijua anaandika nini. Kwa pumzi chache leseni ile ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Halafu Makori akasimama kizimbani bila kuambiwa.

"Mheshimiwa," alisema, "mama yangu ni mzee. Anachanganya maneno. Hakuna mtu alikuwa kwa gari. Nilikuwa peke yangu, natembea tu."

"Mshtakiwa, keti uzungumze na wakili wako kwanza," hakimu alimwambia. Alitupa muda. Nilimvuta Makori pembeni, nikamwambia kwa Kikisii na kwa Kiswahili kwamba anajiua. Nikamwambia watu wameshasikia, kukana hakurudishi maneno. Alinijibu kwa sauti ya chini kabisa.

"Wakili, mama akisema, ni maneno ya mwanamke mzee. Watu watacheka, wasahau. Mimi nikikubali, inakuwa ukweli. Huyo mtoto wa watu ataishi wapi?"

Tuliporudi hakimu alimwuliza kama anaelewa anachokisema na kitakachofuata. Alisema anaelewa. Akamwuliza mara ya pili, naye akajibu vilevile. Hakimu alimtazama Kerubo pale nyuma kwa muda mrefu. Nina hakika alijua. Lakini alisema mahakama haiwezi kumpa mtu sababu ambayo yeye mwenyewe ameikana, na mimi katika nafasi yake ningesema hivyohivyo. Alifungia leseni mwaka mmoja, akamwonya kwamba akipatikana ameshika usukani kabla ya mwaka huo kwisha ataenda jela moja kwa moja. Makori akasema, "Asante, Mheshimiwa."

Nje, Nyaboke aliketi kwenye ngazi. Mwanawe alikuwa amemfanya mwongo mbele ya nusu ya Gesima. "Nimezaa mjinga," aliniambia. Kisha akalia, na mimi nikaketi kando yake na suti yangu nikalia pia, wateja wangu wengine wakipita na kujifanya hawanioni. Mnaonisifu kwamba sikuwahi kuonyesha udhaifu kortini hamkuwapo siku hiyo.

Makori alipata kazi ya kupakia majani kwenye lori lilelile, likiendeshwa na kijana. Nilimwona mara moja kituoni nilipokuwa napita kuelekea Nyaramba kumwona mteja. Alikuwa akimwongoza kijana kurudi nyuma kwenye matope, akimpungia mkono, kulia, kulia, simama. Kijana hakuwa anamtazama. Nilipiga honi, Makori akainua kofia.

Nyaboke alikuja ofisini tena wakati wa mvua kubwa, peke yake. Nilidhani amekuja kunisalimia, nikaagiza chai. Hakuigusa.

Yule msichana mdogo alikuwa amekufa. Kifua kilimbana tangu asubuhi, wakadhani ni homa ya kawaida. Mchana akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Kerubo alitoka uani na mtoto mikononi, akamlilia Nyaboke, huku Makori amesimama hatua chache kutoka pale. Jirani alikuwa amepona mguu lakini alikuwa amekwenda sokoni kwa pikipiki ya rafiki, na funguo za Probox alikuwa amemwachia Makori, kama siku zote, kwa kuwa anamwamini na kila kitu.

"Alikimbia akaingia garini," Nyaboke alisema. "Akawasha. Mimi na Kerubo tukaenda tuingie. Nikamwona ameshika usukani. Akazima. Akasema, leseni yangu iko kortini, wakinishika nitafungwa, na polisi wako barabara ileile. Akasema pikipiki itafika upesi zaidi kwa matope haya. Akakimbia barabarani kutafuta pikipiki."

Pikipiki ilichelewa kupatikana. Ilipopatikana iliteleza mara mbili. Mtoto alifariki kabla hawajafika kwenye lami.

"Ile siku alikuwa amelewa, na aliendesha," Nyaboke alisema. "Safari hii hakuwa ameonja kitu. Akazima."

Nimesoma sheria maisha yangu yote, na nilitafuta kichwani kifungu kimoja cha kumfariji mama huyu nikakosa. Nilimshika mkono tukakaa hivyo hadi chai ikapoa. Alikuwa wa kwanza kuinuka.

Kerubo alirudi kwao Nyaramba baada ya maziko. Hakukuwa na ugomvi. Evans alisema atamfuata, na nijuavyo bado anasema.

Mwaka ulipokwisha niliichukua leseni kortini na kumpigia Makori simu. Alikuja na kofia yake. Aliketi kwenye kiti kilekile cha siku ya kwanza. Niliiweka leseni mezani mbele yake, nikamwambia pole, kisha nikamwambia kwamba angalau sasa yuko huru kuomba kazi yake. Aliitazama ile picha yake, lakini hakuigusa.

"Wakili," alisema, "kuna swali uliniuliza."

Nilijua ni lipi.

"Nilikuwa nampeleka Kerubo hospitali," alisema. "Alikuwa anatoka damu. Niliingia kwa nyumba ya Evans, nikambeba na mikono yangu, nikaweka yeye kwa gari. Nilikuwa nimekunywa, lakini niliendesha vizuri. Mtoto alizaliwa mzima." Alisema polepole na kwa sauti, akiangalia mbele kama mtu aliye kizimbani, akanyamaza akingoja. Ilikuwa ushahidi mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia, na ofisini tulikuwa wawili tu.

"Kwa nini unaniambia sasa, mzee?"

"Sasa hakuna mtu iko nyumbani wa kuona aibu."

Aliinuka. Nilimkumbusha leseni. Alisema niiweke tu, yeye hana mahali anaenda. Nilimsikia akishuka ngazi, halafu sikumsikia tena. Mpaka leo hajarudi kuichukua, na mimi sikuwahi kumpigia tena.

Sasa kazi ni yenu. Endeleeni kuuliza lile swali la Ombati, maana sijaona lililo bora, hata kama nimeona mahali linapofikia ukomo. Wakiwaletea watoto wenye sare za shule, wapeni maji wanywe. Mwavuli mnaweza kuutupa.

Leseni ya Mzee Makori iko kwenye droo ya juu, upande wa kulia, ndani ya bahasha nyeupe. Akija, mpeni bila kumwuliza kitu.